Jiwe la Kubania Vitambaa

3 Machi

Mwanangu Kwanini,

Hujambo huko uliko? Sisi hatujambo, isipokuwa goti langu la kulia ambalo limeamua kustaafu kabla yangu. Baba yako anakusalimu. Paa linavuja upande wa chumba chake, na kila mvua ikinyesha anasukuma kitanda huku akigombana na mawingu. Simu yako ya Jumapili tuliipokea, lakini unajua simu ya nyumba hii ni ya baba yako, naye huiweka sauti ya juu hata mteja ninayempima kifua anasikia habari zetu. Ndiyo maana hili nakuandikia.

Jana aliingia bwana mmoja mwenye miwani minene, anataka koti lake lipunguzwe mikono. Nilikuwa nakata kitambaa cha sare, nimekibania mezani kwa lile jiwe langu la siku zote. Unalikumbuka, lile la rangi ya asali iliyotiwa maji, ulilokuwa ukilichungulia utotoni ukisema ndani mna chumba. Bwana Miwani akalinyanyua bila hata hodi. Mkono ukamshuka kwa uzito. Uso ukambadilika, kisha akaufunga haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mwenyewe yumo.

"Mama, hili ulilipata wapi?"

"Niliokota."

"Ni kalisaiti tu. Jiwe la jamii ya chokaa, limejaa kila mahali. Lakini mke wangu atalipenda." Akanitajia bei ya cherehani iliyotumika.

Mwanangu, mimi shule niliiacha ikiwa bado inanihitaji, lakini najua mtu hatoi bei ya cherehani kwa kitu kilichojaa kila mahali. Nikamwambia koti litakuwa tayari keshokutwa, na jiwe tutaliongelea baada ya mwezi. Sasa wewe ndiye mtaalamu wetu wa madini, umekaa makumbusho mwaka wa pili huu. Niambie: miaka yote hii nabania vitambaa kwa kitu gani?

Shangazi yako, mwenye mkasi

19 Machi

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama ngazini, nikasahau nilikuwa napanda au nashuka. Mimi ni mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta, lakini ukuta wenyewe ni msafi. Mwambie Baba asogeze na redio pia, isije ikalowa.

Shangazi, huo mkono ulioshuka ndio unaoninyima usingizi. Kalisaiti haishushi mkono wa mtu mzima namna hiyo. Naomba unifanyie mambo haya, na unieleze utakachokiona, usinieleze unachokitaka.

Chukua sindano ukwaruze sehemu ya chini isiyoonekana, kidogo tu. Ule unga utakaotoka, udondoshee siki ya uvuguvugu, uangalie kama kuna mapovu. Halafu nenda kwa jirani yako mwoka mikate mwenye mizani ya namba. Lipime jiwe likiwa kavu. Kisha weka bakuli la maji juu ya mizani, mizani irudishwe kwenye sifuri, ulining'inize jiwe kwa uzi mpaka lizame lote bila kugusa chini wala kando. Namba itakayosomeka hapo niandikie. Na mwenye duka la vitambaa si ana ile taa ya kukagua noti bandia? Liweke chini ya taa hiyo, gizani.

La mwisho, na hili si ombi: ukilishika, nawa mikono kwa sabuni. Usiweke pini mdomoni kabla hujanawa. Nitakueleza kwa nini nikiwa na hakika.

Wako anayehesabu siku za posta,
Kwanini

4 Aprili

Kwanini wangu,

Salamu kutoka nyumba yenye mapovu. Baba yako hajambo, amenunua ndoo mpya ya kukingia maji na anaisifia kama gari.

Sindano ilikwaruza bila shida, jiwe ni laini kuliko heshima yake. Siki ilitoa mapovu, si kwa fujo, bali machache yanayopanda polepole kama wazee kwenye ngazi. Mwoka mikate aliniuliza kama naoka jiwe. Nikamwambia, "Wewe pima, utaelewa mbinguni." Kavu, gramu mia tisa na ishirini. Kwenye maji, nikalining'iniza kwa uzi wa kushonea viatu, mizani ikasoma mia moja na hamsini. Tulirudia mara tatu. Mara ya nne alinifukuza, mikate ilikuwa inaungua.

Lakini taa! Ee mwanangu! Mwenye duka alishusha mapazia, wateja wawili wakabaki ndani kwa udaku. Akawasha. Jiwe likawaka njano, njano ya kiini cha yai, tena si juu tu, lilikuwa linawaka toka ndani. Mteja mmoja akapiga kelele. Mimi nikakaa juu ya jora la kitambaa cheupe cha watu, na goti langu nikalisahau kabisa. Miaka yote hii lilikuwa na taa yake ndani, nami nalibandika juu ya suruali za watu!

Pini sasa naziweka kwenye mto mdogo mkononi. Miaka arobaini pini zimekaa mdomoni mwangu, nikizitoa naongea kupita kiasi, kama unavyoona. Sema upesi: ni nini?

Shangazi

16 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na salamu kwa Baba na ndoo yake.

Nimeshindwa kuandika taratibu, utanisamehe mwandiko. Gawanya mia tisa na ishirini kwa mia moja na hamsini. Unapata sita na nukta moja. Maana yake jiwe lako lina uzito mara sita ya maji yanayolingana nalo kwa ukubwa. Kalisaiti haifiki hata mara tatu! Mapovu yanasema ni kaboneti, yaani limo katika ukoo mmoja na chokaa, hapo Bwana Miwani hakudanganya sana. Lakini uzito unasema ndani yake mna risasi, ile metali nzito, na risasi ni sumu ikiingia mwilini. Ndiyo sababu ya sabuni. Mezani likae tu, halikuumi, ila unga wake usiuvute puani wala kuulamba.

Kaboneti za risasi zinazowaka njano ninazozijua ni mbili. Moja inaitwa serusaiti. Ni nzuri, lakini si adimu. Ya pili... ya pili sitaitaja, nisije nikaitia mkosi. Niambie umbo lake. Limekaa kama nyota iliyopandana, au kama nguzo? Kama ni nguzo, ina pande ngapi? Na kama kuna kipande chochote kilichowahi kuvunjika, hata punje, nitumie.

Na Shangazi, lilitoka wapi hasa? Mawe ya namna hii hayaokotwi njiani. Hukua ndani ya migodi ya zamani ya risasi, mahali maji yalipopita kwa miaka mingi. Jiwe lisilojulikana kwao ni kama mtoto asiye na cheti: wote watasema ni mzuri, lakini hakuna atakayemwandikisha.

Kwanini

2 Mei

Mwanangu,

Tunaendelea vizuri. Mvua zimepungua, baba yako amelala usiku mzima mara mbili wiki hii, naye anatembea kifua mbele kama aliyezizuia yeye.

Ni nguzo. Pande nne, sawasawa, utadhani fundi seremala alizipiga randa, na kichwani limechongoka kidogo. Kuna punje ilikatika mwaka ule lilipoanguka nikihamisha meza. Nilikuwa nimeiweka ndani ya kopo la vifungo. Nimeifunga kwa kitambaa, imo humu kwenye bahasha, usiipulize.

Bwana Miwani alirudi. Safari hii hakuwa na koti. Amefika bei ya cherehani tatu mpya. Baba yako alikuwapo, akasema, "Uza, dada. Tuezeke paa. Jiwe haliliwi." Tena alilisema bila kulitazama jiwe. Nikamjibu naweza kula ninachotaka. Bwana Miwani akaondoka akinitabasamia kama mkwe.

Kuhusu lilikotoka, nimeshakwambia niliokota. Usinichokonoe. Utotoni jina la Kwanini lilikuwa tamu, sasa umekua.

Ipeleke hiyo punje kwa mkuu wako aipime kwa mashine. Wewe ni mtaalamu mwenzake, hawezi kukukatalia.

Shangazi yako

21 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo mara saba, moja kwa kila wiki niliyokaa kimya. Sikuwa mgonjwa. Bahasha yako ilifika salama, na punje imo. Ni mimi ndiye sikuwa salama.

Nilikaa na punje hiyo mfukoni wiki tano, kwa sababu mimi si mtaalamu mwenzake wa mtu yeyote. Ulisema "mtaalamu wetu" nikaacha iwe hivyo, maana ulilisema kwa furaha. Kazi yangu hapa ni kufuta vumbi kwenye droo za mawe na kunakili lebo zilizofifia. Mkataba wa miezi sita sita. Chuo nilikiacha mwaka wa pili, ada iliposhindikana, nikawaambia nimemaliza. Ninayoyajua nimeyasoma kwenye lebo hizo na kwenye vitabu ambavyo watu wa hapa wanavisahau mezani. Nilijua nikimwendea Mkuu na punje yangu ataniuliza mimi ni nani.

Jumatatu nilikwenda. Alikuwa anakunywa chai, hakuinua hata kichwa.

"Serusaiti," akasema.

"Hapana, mzee," nikasema. Shangazi, sauti ilitoka ikiwa yako kabisa! "Serusaiti ina uzito wa sita na nusu. Hili ni sita na nukta moja. Tena linakwaruzwa na sindano kama mshumaa, na ni nguzo ya pande nne."

Akainua kichwa. "Nani amepima?"

"Shangazi yangu. Kwa mwoka mikate."

Akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani, kisha akaacha kucheka. Akaichukua punje akaenda nayo mwenyewe kwenye chumba cha mashine ya miale. Nilingoja koridoni nikifuta kabati ambalo nilikuwa nimeshalifuta. Baada ya saa moja akatoka na karatasi, akanikabidhi. Imeandikwa: fosjenaiti.

Ndiyo ile ya pili! Risasi, kaboneti na klorini, vyote vimeoana ndani ya nguzo moja. Hapa makumbusho tunazo tatu tu, kubwa kuliko zote ni kama ukucha. Nilipomwambia lako ni ngumi nzima na linapitisha mwanga, Mkuu alikaa kwenye ngazi ya koridoni, hapo hapo, na koti lake jeupe.

Kuhusu bei: likijulikana lilitoka mgodi gani, ni bei ya cherehani arobaini mpya, labda na zaidi. Lisipojulikana, theluthi yake. Bwana Miwani anajua hivyo, nakuapia.

Nimesema yangu, na imeniuma. Nakuomba nawe useme yako.

Mtoto wako aliyedanganya,
Kwanini

5 Julai

Mwanangu Kwanini,

Futa machozi kwanza, najua ulilia, wino umetawanyika mahali pawili. Nani alikwambia nilitaka mtaalamu? Nilitaka mtu wa kumwandikia. Ungeniambia habari ya ada ningeuza hata hilo jiwe, na sasa naona ningepunjwa vibaya, kwa hiyo Mungu alijua kukunyamazisha. Baba yako nimemsomea sehemu hiyo. Akauliza, "Amembishia mkuu wake?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya." Unamjua, hiyo kwake ni hotuba.

Sasa sikia. Juzi nilikwenda kumpima bibi harusi nyumbani kwao. Bwana Miwani akaja huku nyuma, na pesa zimefungwa kwenye karatasi, cherehani sita, akazipanga juu ya meza yangu ya kukatia. Kumbe alisubiri nitoke. Nilirudi nikamkuta yeye na baba yako wamekaa wanatazamana, jiwe katikati.

"Mama, tumeshaelewana na kaka yako," akaanza Miwani.

"Hatujaelewana," akasema baba yako. "Nimekwambia si langu. Jiwe hilo niliwahi kuliamulia mara moja, nikakosea. Chukua pesa zako."

Miwani akatoka. Nikakaa mbele ya baba yako. Nikamuuliza, "Ulikosea nini?" Maana mwanangu, miaka thelathini na minane hatujalisema neno hilo humu ndani.

Nitakueleza. Babu yako alifia mgodini, hilo unalijua. Miaka sita baadaye alikuja mpima wa mgodi uleule, kijana mpole, anataka suruali ipanuliwe. Ikapanuliwa. Akaja ipunguzwe. Ikapunguzwa. Akaja ipanuliwe tena, nikamwambia, "Kaka, wewe unanenepa na kukonda kwa ratiba ya nani?" Hapo tukacheka, na mambo yakaanza. Alipokuja kuniposa, baba yako ndiye alikuwa mkubwa wa nyumba, akiwa na miaka ishirini na mitano na kaburi la baba mgongoni. Akamwambia, "Dada yangu haolewi na mtu anayeshinda chini ya ardhi." Mimi sikuulizwa. Kesho yake mpima alipita asubuhi, akaniwekea jiwe juu ya kitambaa nilichokuwa nakata. Alisema lilitoka shimo la mwisho, la chini kabisa, na maji yalikuwa yanapanda. Mwezi huohuo mgodi ukajaa, ukafungwa. Nikangoja arudi aniombe mara ya pili. Hakurudi, nami nikawa na kiburi, sikumfuata.

Hiyo ndiyo hadithi niliyokuwa nayo mpaka juzi. Baba yako akasema, "Alirudi. Ulikuwa umekwenda kununua vifungo. Nikamwambia umeolewa."

Nilimtupia mto wa pini. Haukumpata. Nikaokota, nikamtupia tena.

Ndiyo sababu sikutaka kukueleza lilikotoka. Ni baba yako, na unampenda, na mimi pia nampenda, mbwa yule. Siku mbili nzima sikumpa chai. Leo nimempa.

Mgodi ni ule wa babu yako. Mwambie Mkuu aandike.

Shangazi

30 Julai

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Kaa kwanza. Umekaa? Tafadhali kaa.

Barua yako ilinikuta mezani. Mezani, Shangazi! Mkuu amenipa meza na kiti, na makumbusho yatanilipia nimalize chuo jioni. Lakini hilo nitalieleza siku nyingine, kuna kubwa zaidi.

Nilipompa Mkuu jina la mgodi, akasema neno la familia halitoshi, tunahitaji ushahidi. Nikashuka stoo kwenye madaftari ya zamani ya mawe yaliyopokelewa. Siku tatu, pua imejaa vumbi. Siku ya tatu nikaikuta: chembe ya fosjenaiti, mgodi huohuo, shimo la chini kabisa, imetolewa bure na mpima wa mgodi. Mwaka ni uleule. Pembeni ameandika kwa mkono wake: "Kubwa yake ipo, imebaki mahali salama."

Na chini yake kuna anwani. Niliandika, sikutegemea chochote. Juzi limekuja jibu. Yuko hai, Shangazi. Amestaafu, mkewe alifariki miaka tisa iliyopita, anafundisha vijana kupima viwanja. Ametia sahihi kwamba jiwe alilitoa yeye kwa mkono wake, na ameeleza ukuta wa shimo lile, upana wa ufa, hata harufu ya maji. Mkuu amesoma mara mbili, akasema hajawahi kuona cheti kizuri namna hiyo. Makumbusho yanakupa bei ya cherehani arobaini na mbili. Nakwambia ukweli: nje huko mtu wa aina ya Miwani angeweza kupata zaidi. Uamuzi ni wako, na mimi hapa si mfanyakazi, ni mwanao.

Barua yake inaishia hivi, nanakili neno kwa neno: "Wakati ule niliambiwa ameolewa, kwa hiyo sina haki ya kuuliza mengi. Nauliza moja. Bado anashona?"

Sijamjibu. Hilo si swali la makumbusho.

Kwanini

14 Agosti

Mwanangu Kwanini, mfanyakazi mwenye kiti,

Nilikaa kama ulivyoniagiza, na ilikuwa vizuri. Goti halijambo. Mimi ndiye siko sawa, nimekata mkono wa gauni la watu mara mbili upande mmoja. Bibi harusi amesema ataenda kushonewa na mwingine kama sitatulia.

Nimeamua. Jiwe liende makumbusho. Nikiliuza kwa watu wa nje litakwenda kufungiwa kwenye kabati la tajiri asiyejua hata harufu ya maji yale. Hapo kwenu watu watalichungulia. Nitalileta mwenyewe tarehe mbili, limeshonewa mfuko wa pamba wa tabaka tatu, wala sitakubali kondakta aliguse. Unipokee stendi. Pesa ni za paa, na vitabu vyako vya chuo, na cherehani moja, si arobaini. Mimi nina mikono miwili tu. Kwa sasa nabania kitambaa kwa pasi, nayo inajitahidi.

Swali lile nimelijibu mwenyewe. Kurasa nne. Nilichoandika hakikuhusu, kwa hiyo usiulize kwa nini, wala kwa vipi, wala kwa lini.

Nilipomaliza kuifunga bahasha, baba yako alikuwa amesimama mlangoni, amevaa koti lake la sherehe, Jumanne mchana, jua linawaka.

"Nipe," akasema.

"Ni yangu hii."

"Najua ni ya nani. Nipe niipeleke."

Nikampa. Angeweza kumtuma mtu, angeweza kupanda gari. Alikwenda kwa miguu mpaka posta, huku na kurudi, na unajua umbali wake. Amerudi saa tisa, shati limemganda mgongoni. Akatoa mfukoni risiti ya barua ya haraka, akailaza mezani, akainyoosha kwa kiganja.

"Nimemwangalia karani mpaka akaigonga muhuri," akasema. "Imeondoka."

Shangazi yako, anayeshona bado